Mnanaa hausambai kwa mizizi

Juzi nimeulizwa tena: “Nimelima tuta lote, nimeung’oa mnanaa na mizizi yake, mbona umerudi mwingi kuliko mwanzo?” Umerudi kwa sababu umelimwa. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Kile kitu kirefu cheupe unachokivuta udongoni si mzizi. Ni shina. Kifute udongo, kitazame. Kina pembe nne, sawasawa na shina la juu. Kina pingili, na kwenye kila kifundo kuna vijani viwili kama magamba, vimeelekeana, na kwapani mwa kila kimoja kuna jicho. Vinyweleo vinavyoning’inia hapo kwenye kifundo ndiyo mizizi yenyewe. Mzizi wa kweli hauna kifundo wala jani. Huu si ubishi wa maneno! Kipande chenye kifundo kimoja kizima kinatosha kuwa mmea kamili. Ukikikatakata kwa jembe mara kumi, umepanda mara kumi. Ukipitisha mashine ya kulimia, umeusambaza bustani nzima.

Tumia uma wa bustani. Lowesha udongo siku moja kabla, inua taratibu, fuata kila shina mpaka nchani. Mengi yamelala karibu na uso wa udongo. Yanasafiri kwa upana, si kwa kina. Ulichong’oa usikitupe kwenye mboji kikiwa kibichi. Kianike juani mpaka kikivunjwa kilie. Halafu rudi kila wiki ung’oe machipukizi yangali machanga, maana yanaishi kwa akiba ya vipande vilivyobaki chini. Ukiyaacha yatanue majani, akiba inajazwa upya na kazi inaanza mwanzo.

Na upepo usilaumiwe kwamba umeleta mbegu. Peremende, aina moja ya mnanaa, ni chotara wa aina nyingine mbili, Mentha aquatica na Mentha spicata, na kwa kawaida ni tasa, haizai mbegu.

Ushauri mwingine unaoniudhi: “Uzike ndani ya ndoo, kazi imekwisha.” Haijaisha. Mashina ya chini hutokea kwenye matundu ya kutolea maji, na yanayotambaa juu huvuka ukingo, yakigusa udongo wa upande wa pili yanashika. Acha ukingo utokeze sentimita 5 hivi, na uinue ndoo mara kwa mara ukague matundu. Husemwa pia kwamba kizuizi cha kwenda chini sentimita 30 kinatosha. Mimi nimepoteza imani hiyo. Wangu ulipita juu ya kizuizi msimu wa mvua, majuma machache tu sikuukagua, nikaukuta umeota ndani ya tuta la pembeni yake. Kizuizi kinanunua muda. Kinachouzuia ni mtu mwenye mkasi.

Ndiyo maana nahimiza chungu, kikae juu ya sakafu, si juu ya udongo. Jua la asubuhi, udongo usikauke, basi. Ila huko chunguni tatizo linageuka: baada ya mwaka au miwili mashina yamejizungusha ukutani, katikati kumebaki vijiti vikavu, na mmea mnaosema haufi unadhoofika kwa kubanwa. Umwage wote, chagua vipande vyeupe vya pembeni vyenye vifundo viwili au vitatu, vilaze, vifunike kwa sentimita 3 za udongo. Vya katikati tupa, baada ya kuvianika.