Kwa nini redio za NASCAR bado ni za analogi

Nikisema kazi yangu ni kupima redio za upepo za timu za NASCAR, mbio za magari za Marekani, huku North Carolina, watu wa nyumbani hufikiria Safari Rally. Lakini kwenye rali dereva ana msoma ramani pembeni. Huku yuko peke yake, na tangu mwishoni mwa 2001, miezi kadhaa baada ya dereva Dale Earnhardt kufariki kwenye uwanja wa Daytona, kila dereva lazima avae kifaa cha kushikilia kichwa na shingo. Kinaokoa maisha, ila kugeuka kutazama pembeni ndiyo basi tena. Anayemtazamia ni spota, aliyesimama juu kabisa ya majukwaa, akimwambia kwa redio kama kuna gari upande wake wa ndani, wa nje, au njia ni nyeupe.

Kwa kuwa spota yuko juu hivyo, umbali haunisumbui sana. Talladega, uwanja mrefu kuliko viwanja vyote vya duara tunavyokwenda, una mzunguko wa kilomita 4.3 tu. Kinachonisumbua ni ucheleweshaji. Gari la kilomita 300 kwa saa linakwenda mita 83 kwa sekunde. Tofauti na ya analogi, redio ya kidijitali hukusanya sauti, huifungasha, huirusha, na ya upande wa pili huifungua. Tuseme hayo yote yachukue robo sekunde: gari limeshasogea mita 20, urefu wa magari manne. Utaniambia magari yote yanakwenda pamoja, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Sawa, mpaka mmoja agonge ukuta huko mbele na kubaki amekaa katikati ya njia. Hapo mita zote 20 ni zako.

Tena analogi ikizidiwa hukwaruza, lakini dereva aliyezoea sauti ya spota wake bado huokota neno. Dijitali ikizidiwa hukatika kabisa.

Kanuni nazo zina mkono wake. Septemba 2013 kwenye uwanja wa Richmond, dereva Clint Bowyer aliserereka na kuzunguka mbio zikielekea ukingoni. Mazungumzo ya redio yakasikilizwa upya, na timu yake, Michael Waltrip Racing, ikatozwa faini ya dola 300,000 kwa kujaribu kupanga matokeo. Siku chache baadaye, mazungumzo ya timu nyingine nayo yakiwa yamezua maswali, NASCAR ilipiga marufuku redio za kidijitali kwenye jukwaa la maspota na kuagiza kamera zifungwe pale. Kwa mashabiki ni raha tupu, maana kwa skana yako, kipokezi cha kunasa redio za timu, unamsikia dereva akimfokea fundi wake mkuu. Wapinzani nao wanasikiliza, bila shaka.

Jukwaa hilo ndilo linaloninyima usingizi. Maspota zaidi ya thelathini bega kwa bega, kila mmoja anarusha. Mawimbi mawili yenye nguvu yakiingia pamoja kwenye redio moja huzaa mengine. Mmoja akiwa kwenye megahezi 461.000 na mwenzake 461.025, mazao huangukia 460.975 na 461.050. Kama timu yako imepangiwa 461.050, utasikia vurugu ambayo hakuna mtu aliyeirusha. Fundi akikuambia uongeze nguvu ya redio, mkatalie. Utazidisha tatizo kwa wote. Dawa ni kupiga hesabu ya masafa kabla ya wikiendi na kuweka vichujio.

Garini napima mara mbili: injini ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma kwa mizunguko ya juu. Mlio unaopanda pamoja na injini, nakwenda kwenye alteneta. Mkwaruzo wa tik-tik-tik, naangalia mfumo wa kuwasha cheche na waya wa ardhi wa antena. Mwisho nautikisa waya wa kitufe cha kuongelea kilichopo kwenye usukani, taratibu, kuanzia kwenye plagi. Kitufe hicho kikigandia, redio inarusha mfululizo, na spota anaweza kupiga kelele apendavyo: dereva hasikii kitu, kwa sababu redio inayorusha haipokei. Kwa hiyo kila redio naiwekea kikomo cha muda, ijikate yenyewe.