Kuhamia Nakuru au Kisumu: Kagua Maji na Udongo Kabla ya Kodi

Kazi yangu ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga Nakuru na Kisumu, na wengi wanatoka Nairobi. Faida wanazozifuata ni za kweli: kodi nafuu kwa nyumba ya ukubwa uleule, na safari fupi ya kwenda kazini. Nakuru iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, kwa hiyo mwenye shughuli huko anaenda na kurudi siku hiyohiyo. Kisumu ni takriban kilomita 350 kwa barabara, lakini kwa ndege hata saa moja haiishi. Hasara ndizo hazisemwi, kwani nyingi hazionekani siku ya kutazama nyumba.

Ukiwa Nakuru, uliza kwanza maji yanatoka wapi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, nayo huyeyukia kwenye maji ya chini ya ardhi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vilivyochimbwa huku hupita hapo. Maji ya mto huwa na floraidi pungufu kuliko ya kisima. Meno ya kudumu ya mtoto hujijenga ndani ya ufizi hadi afike miaka minane hivi. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, yanaota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Mtu mzima meno yake yalishakomaa. Ndiyo maana ushauri ninaompa kijana anayeishi peke yake sio ninaompa mama mwenye mtoto mchanga wa maziwa ya unga.

Kuchemsha hakusaidii, tena kunaharibu zaidi: mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani. Dawa ya klorini huua vijidudu tu, na chujio la mshumaa wa kauri haliishiki floraidi. Chujio la mkaa wa mifupa ndilo linaloishika, lakini mkaa huo huchoka, na ukishachoka maji huendelea kutoka maangavu vilevile. Ulizia tarehe ulipobadilishwa, na upeleke maji yakapimwe.

Njia ninayoipenda zaidi ni maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 800. Toa yanayomwagika na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi, zinabaki 600 hivi. Familia ya watu wanne inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupika inamaliza mwezi. Basi kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba kama paa lina mifereji na kama anakuruhusu kuweka tangi. Maji hayo ya mvua yachemshe au yatie dawa kabla ya kunywa, maana ndege hutua juu ya paa. Na usipange karibu na ukingo wa Ziwa Nakuru, upande wa Mwariki au Barut, kwa kuwa ziwa limepanda na kufukuza watu.

Kisumu hali ni nyingine. Mji uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, na tofauti hiyo utaisikia mwilini. Nenda utazame nyumba saa tisa au saa kumi alasiri, usiende asubuhi. Weka kiganja kwenye ukuta wa ndani wa upande wa magharibi. Ukiwa wa moto na paa ni mabati bila dari, chumba hicho hakitalalika hadi usiku wa manane.

Malaria iko mwaka mzima. Aliyekulia nyanda za juu hana kinga aliyonayo mwenyeji, hivyo homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, isisubiri Jumatatu. Kila kitanda kiwe na neti, na mjamzito aulizie dawa ya kinga kliniki.

Kisha udongo. Upande wa Nyamasaria na tambarare za Kano ni udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Dalili zake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha, na milango inayokwama msimu wa mvua. Rangi mpya kwenye futi mbili za chini tu huwa imefunika alama ya mafuriko; majirani watakueleza maji yalifika wapi. Riat iko juu zaidi na hupata upepo, ila nauli ya kila siku itaongezeka na maji hukatika, kwa hiyo hesabu tangi: watu wanne wakitumia lita 40 kila mmoja, lita 1,000 haziwafikishi wiki.

Kabla ya kutia sahihi, mji wowote ule, nunua tokeni ndogo ya umeme kwa namba ya mita ya nyumba hiyo. Ukikatwa deni kwenye tokeni, ni la mpangaji aliyetangulia, na mwenye nyumba alilipe kabla hujampa amana. Bili ya mwisho ya maji nayo uione kwa macho yako.