Koti Kinyumenyume, Kichwa Wazi

Saa kumi na mbili asubuhi, Barabara ya Kenyatta kutoka Buhongwa kwenda mjini Mwanza, baridi ya ziwa inauma. Karibu kila bodaboda unayepishana naye kavaa koti zito lililogeuzwa, zipu iko mgongoni. Wengine wamechomeka na kipande cha boksi kifuani. Kofia ngumu imening'inia kwenye saitimira, au imevishwa kiwiko. Ukiuliza sababu ya koti, jibu ni lile lile kuanzia Igoma hadi Kirumba: upepo unaleta nimonia.

Hauleti. Nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria, virusi na wenzao, wanaoshambulia mapafu. Upepo haupenyi ngozi na mbavu ukaingia mapafuni. Hewa hupita puani na mdomoni, koti uligeuze utakavyo. Sisemi mtu avue. Upepo hupora joto la mwili, na dereva mwenye vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kushika breki. Koti zito pia huokoa ngozi ukiburuzika kwenye lami. Ila mchokozi halisi wa vifua vya watu wa kijiweni ni vumbi na moshi wa magari, na boksi halizuii hata kimoja.

Imani hiyo ina pacha wake: maziwa. Eti ukinywa pakiti moja jioni vumbi lote linashuka. Maziwa hushuka tumboni, vumbi limeingia njia ya hewa, na njia hizo mbili huachana pale pale kooni. Kinachosafisha ni ute na vinyweleo vidogo sana vilivyomo kwenye njia ya hewa, ambavyo husukuma uchafu juu mpaka ukohoe au umeze. Maziwa kunywa, ni chakula kizuri. Usiyape tu kazi ya wengine.

Nimeanza na kifua kwa sababu huko ndiko uangalifu wetu wote unakoishia. Kichwa tunamwachia Mungu.

"Nashuka hapo tu Mkuyuni, kofia ya nini?" husema abiria. Mtafiti Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walifika kwenye maeneo ya ajali zipatazo 900 za pikipiki jijini Los Angeles, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Los Angeles si Mwanza, lakini soma walichokuta: nusu ya waendeshaji hawakuwa wamefika hata kilomita 50 kwa saa kabla tu ya kugongana. Nyingi zilikuwa safari fupi, za dukani au kwa rafiki, na ajali ilitokea mtu akiwa hajafika mbali na alikotoka. Yaani hiyo hiyo safari ya Mkuyuni. Wengine wanasema kofia nzito huvunja shingo. Ripoti hiyo haikuona kofia ikiongeza majeraha ya shingo.

Kuna na wanaoamini kofia ni ya kumridhisha trafiki. Asili yake ni ya kidaktari. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki bila kofia, akafa kwa majeraha ya kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, alikuja kuwachunguza wapanda pikipiki wa jeshi waliokuwa wakifa kwa namna hiyo, na mwaka 1941 jeshi la Uingereza likalazimisha kofia kwa wapanda pikipiki wake. Mapitio ya tafiti 61 yaliyotolewa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Abiria, hasa akina dada waliotoka saluni, hulalamika kwamba kofia ya bodaboda inaambukiza mapunye. Hapo wana hoja, fangasi huweza kuhama kwa vitu vya kichwani. Dawa yake ni kitambaa safi chini ya kofia. Na ile iliyowahi kupigwa kwenye ajali isirudi kazini hata kama ganda linang'aa: foma ya ndani hujibana mara moja tu kumeza pigo, na ikishajibana imekwisha.

Sasa breki, maana hapa ubishi huwa mkali. "Usiguse ya mbele, itakurusha." Ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa, na ndiyo sababu pikipiki nyingi za Boxer zimeisha breki za nyuma huku za mbele zikiwa kama mpya. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Tairi la nyuma linakuwa jepesi na kuserereka. La mbele linagandamizwa chini na ndilo lenye nguvu ya kusimamisha. Hurt aliwakuta wengi wamekanyaga ya nyuma mpaka tairi likaburuzika huku ya mbele wameigusa kidogo tu. Kinachorusha au kuangusha ni kuinyakua ghafla, au kuibana ukiwa umekata kona juu ya mchanga. Ibane taratibu ukiongeza nguvu, usukani ukiwa umenyooka. Na usisahau kwamba kwenye kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu inakula karibu mita 17 kabla breki haijaanza kazi.

Vijana wanaotunishiana misuli kwenye barabara ya uwanja wa ndege hujilinganisha na MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki, ambako dereva Brad Binder alifikia kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello, Italia, mwaka 2023. Wale hawapishani na mikokoteni ya dagaa kutoka Mwaloni, na tangu 2018 suti zao hulazimika kuwa na mifuko ya hewa. Kijana mmoja aliwahi kunionyesha tairi lake kipara kwa fahari: "Hata wa mashindano wanatumia hivi." Ni kweli, lami ikiwa kavu. Yale ni mpira laini unaopashwa moto kabla ya kuanza. Mvua ikinyesha, dereva huingia pembeni na kuchukua pikipiki nyingine, yenye tairi za mifereji ya kutoa maji.