Gari "inakunywa maji": maana yake nini hasa, na kulanti inaenda wapi

Huku kwetu Mbeya ukikaa gereji yoyote pale Mwanjelwa au Mafiati hata nusu saa tu, utamsikia mtu anasema gari yangu nzima kabisa, ila inakunywa maji kidogo. Anaongea kama vile ndo tabia ya gari, ilivyozaliwa. Nimeona watu wamepoteza injini nzima kwa sababu ya hilo neno "kidogo", kwa hiyo naomba nilieleze taratibu.

Injini hainywi maji. Petroli inakula kweli, oil inaweza kupungua kidogo kwenye injini iliyochoka, lakini maji ya rejeta (ndo hiyo kulanti) hayatumiki, yanazunguka tu. Wota pampu inayasukuma yapite kwenye vinjia vya ndani ya bloku na silinda hedi yakabebe joto, yakitoka hapo yanaingia kwenye rejeta yanapigwa upepo na feni, yakipoa yanarudi tena ndani, safari hiyo hiyo siku nzima. Yakipata moto yanatanuka na ziada inakimbilia kwenye kopo la akiba, injini ikipoa yanavutwa kurudi. Ndo maana ukiangalia mchana utakuta yamepanda na asubuhi yameshuka, hilo lisikutishe, wewe linganisha asubuhi na asubuhi. Kama Jumatatu asubuhi yalikuwa kwenye alama ya juu na Jumatatu inayofuata yako chini kwa vidole viwili, basi kuna mahali yametoka. Hiyo ndo maana ya kuvuja kwa kulanti, hata kama chini ya gari pakavu kabisa.

Na kulanti yenyewe sio maji ya rangi. Ni glaikoli imechanganywa na maji na dawa za kuzuia kutu, mara nyingi nusu kwa nusu. Inachelewa kuchemka, inachelewa kuganda (wa Makete na Kitulo mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua baridi ninayoisema), na inalinda alumini ya hedi isiliwe. Ukiongeza maji matupu kila wiki unaizimua, mwisho unabaki na maji ya bomba yenye kutu ndani ya injini.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wa nyanda za juu linatuhusu kuliko mtu wa Dar. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji kwenye sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100. Injini nyingi themostati (kile kilango kinachoruhusu maji ya moto yaende kwenye rejeta) inafunguka kwenye nyuzi 82 mpaka 88, na ikikaa sawa injini inafanya kazi kwenye 90 hivi. Yaani tuko hatua nne tu kutoka kwenye kuchemka! Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule sio kizibo cha kuzuia maji yasimwagike, ndani una springi inayobana presha, na juu yake mara nyingi utaona imeandikwa namba ya presha, 0.9 au 1.1. Presha hiyo ikishikilia, hata maji matupu huku kwetu yanavumilia mpaka nyuzi kama 115 ndo yachemke, na ukiwa na kulanti nusu kwa nusu yanaenda mbali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tundu dogo linakuibia presha kabla hata hujaona maji yamepungua. Hapa ndo watu wengi hatuelewani. Mtu anajaza maji pomoni pale Ruaha Mbuyuni, anaanza kupandisha Kitonga na mzigo nyuma ya lori, katikati ya kona gari inachemsha, anashangaa maji si nimejaza? Ulijaza ndio, ila mpira wa mfuniko umekauka na kupasuka, presha haikai, maji yakachemka mapema na mvuke haubebi joto kama maji yanavyobeba.

Kuna mama mmoja mwalimu tunaishi naye mtaa mmoja huku Uyole, alikuwa anaongeza lita nzima kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Akaniuliza, kaka hivi hii ni kawaida, fundi kaniambia mama wewe ongeza maji tu gari haina shida. Nikamwomba asiiwashe asubuhi mpaka nifike. Saa kumi na mbili na nusu nikafungua boneti, injini ya baridi kabisa, nikapita na tochi polepole. Juu hosipaipu zote safi, rejeta kavu, ila chini kwenye wota pampu nikaona ukoko mweupe wenye upinki, kama chumvi iliyokauka kwenye shati la mtu aliyetoka kulima, umeshuka mstari mpaka kwenye mkono wa injini. Tone hata moja hamna. Nikaishika puli ya pampu nikaitikisa, inacheza. Kulanti ilikuwa inatoka kidogo kidogo injini ikiwa ya moto, inakauka hapo hapo juu ya chuma, inabaki ile dawa yake kama ukoko. Ndo maana alikuwa haoni tone chini.

Ule mstari ulikuwa unaanzia kwenye katundu kadogo chini ya shafti ya pampu, na hako katundu kamewekwa makusudi kiwandani. Sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo ili yasiingie kwenye beringi, na ili wewe uone. Nimewahi kuona pampu imezibwa hapo na silikoni, tafadhali sana usikubali, hiyo ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo asilalamike. Pampu inabadilishwa na gasketi yake, na kama inazungushwa na mkanda wa taiming (ule unaoendesha valvu za injini) badilisha na mkanda humo humo maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Sehemu nyingine za nje ni rahisi zaidi. Hosipaipu ikivimba karibu na klipu au ukiibinya ikalia kama jani kavu, imekwisha. Rejeta za siku hizi zina vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwenye alumini, na pale kwenye maungio ndo panaanza kuchuruzika. Bonyeza, nusa, pitisha kidole na tishu nyeupe. Ukiweka boksi lililofunguliwa chini ya gari usiku utajua tone linatokea upande gani, ila maji meupe yasiyo na harufu yanayodondoka upande wa abiria baada ya kuwasha AC ni jasho la AC tu, usianze kufungua injini kwa ajili yake.

Halafu kuna hita. Watu wa Dar wengi hata hawajui kitufe chake kiko wapi, sisi tunaiwasha kila asubuhi, na nyuma ya dashibodi kuna kirejeta kidogo kinachopitisha kulanti ya moto. Kikitoboka kapeti la mbele linalowana, kioo kinafunga ukungu wenye mafuta ambao hauishi ukifuta, na ndani kunanukia utamu utamu. Mtu anafikiri mvua imeingia mlangoni.

Kuvuja kwa ndani ndo kunaua injini. Gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku) ikiungua, kulanti inaingia kwenye chumba cha moto au kwenye oil, na presha ya mlipuko nayo inaingia kwenye maji. Dalili zake ni moshi mweupe usioisha na unaonukia utamu, maji yanatoa mapovu ukiwasha mfuniko ukiwa wazi (umeufungua injini ikiwa ya baridi!), au hosipaipu ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, kabla hata joto halijapanda.

Ila wa huku kuwa makini, baridi yetu inadanganya. Asubuhi ya mwezi wa 7 karibu kila gari inatoa moshi mweupe, ni unyevu wa kwenye ekzosi, injini ikipata moto unaisha. Na ukifungua mfuniko wa oil ukakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, kwa gari inayotembea safari fupi tu Mafiati na Kabwe hiyo inaweza ikawa unyevu wa baridi vilevile. Chomoa kijiti cha oil. Kama na kule chini oil imekuwa maziwa, na maji yanapungua, hapo usiiwashe tena. Kwenye gari za otomatiki pia angalia oil ya gia boksi, maana nyingi inapozwa ndani ya rejeta, na ikichanganyika inakuwa kama maziwa ya strawberi na gia boksi inafuata kaburini.

Kama macho yameshindwa, omba fundi mwenye pampu ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa mfuniko, anapandisha mpaka namba ile ile ya kwenye mfuniko asizidishe, anaacha dakika 15. Geji ikishuka kuna tundu, na mara nyingi utaliona linachuruzika. Kwa gasketi kuna dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, hewa ya moshi ikipita inageuka njano kwa injini ya petroli. Dakika kumi unajua ukweli, kabla mtu hajafungua hedi kwa kubahatisha.

Hedi ikifunguliwa ipelekwe ikapimwe kama imepinda. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kutupa hela, utarudi mwezi ujao. Na ile dawa ya kumimina ya kuziba, au ute wa yai, mimi siiungi mkono. Inaweza ikakutoa porini ikakufikisha mjini kwa tundu dogo la rejeta, lakini haichagui tundu, inaziba na vinjia vya rejeta na vya hita.

Ukishatengeneza, toa hewa. Hapa wengi wanaharibu kazi nzuri. Milima yetu inasaidia, paki pua ya gari ikiangalia juu ya mlima, injini ya baridi, fungua mfuniko, washa hita mpaka mwisho wa moto, jaza polepole huku unabinyabinya hosipaipu ya juu, washa, subiri mapovu yaishe na themostati ifunguke, ongeza, funga. Kesho asubuhi angalia tena. Yule mwalimu nilimchorea mstari kwa maka penani kwenye kopo la akiba, na mpaka leo kulanti iko pale pale kwenye mstari.

Ikichemsha njiani, zima AC, simama, zima injini, na usiguse mfuniko kwa angalau nusu saa, mvuke ule unababua uso mzima. Wala usimwagie injini ya moto maji ya mtoni, hedi inapasuka.

Na ile kulanti ya zamani uliyoitoa, usiiache kwenye beseni uani wala usiimwage mtaroni. Ni tamu na ni sumu, mbwa anailamba, mtoto anaweza kuionja. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, liandike, weka juu mbali na jiko.