Kumano Hongu si hekalu la Kibudha

Kila picha za Kumano Kodo, njia ya kale ya mahujaji kwenye rasi ya Kii huko Japani, zinapozunguka mitandaoni, maelezo huwa yale yale: "hekalu la Kibudha milimani". Jengo linaloonyeshwa mara nyingi ni Kumano Hongu Taisha. Hiyo ni jinja.

Jinja (jina limefanana tu na mji wa Jinja wa Uganda) ni mahali pa ibada ya Shinto, dini ya jadi ya Japani, na makao ya kami, yaani mungu au roho inayoabudiwa. Mahali pa ibada ya Kibudha huitwa tera.

Kami si Budha, wala si lazima awe na sanamu. Pale Nachi, mahali pengine patakatifu kwenye njia hiyo, jinja ndogo ya Hiro haina kabisa jumba la kumweka kami, kwa sababu kinachoabudiwa ni maporomoko yenyewe, mita 133 za maji yanayoanguka mwambani. Mwenye kuabudu huyaelekea maji, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena. Kwenye tera hapigi makofi. Huunganisha viganja kimya.

Wanaochanganya wana sababu nzito, nami natamani ijulikane zaidi. Kwa karne nyingi waliotembea njia hii hawakutenganisha dini hizi mbili. Go-Shirakawa, mfalme aliyekwisha kung'atuka, alihiji Kumano zaidi ya mara 30 katika karne ya 12, na kwa watu wa zama zake kami wa Hongu alikuwa ndiye Amida, mmoja wa Mabudha, aliyejidhihirisha kwa sura ya kienyeji. Sutra, maandiko ya Kibudha, zilisomwa mbele ya kami bila mtu kushangaa. Ni mwaka 1868 ndipo serikali ya mfalme Meiji ilipoamuru dini hizo mbili zitenganishwe. Sehemu nyingi nchini vitu vya Kibudha viliondolewa kwenye jinja, vingine vikaharibiwa. Huko Nachi, jumba la Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubudha, lilinusurika, na leo ni hekalu la Seiganto-ji, bega kwa bega na jinja kuu ya Nachi.

Kwa hiyo anayepiga picha Nachi asiharakishe kuandika. Atazame jina: likiishia na "-ji", kama Seiganto-ji, hapo "hekalu la Kibudha" ni sawa kabisa. Likiishia na "jinja", "jingu" au "taisha", kama Hongu, aandike "jinja ya Shinto".