Je, wajua kwa nini zahanati hutuma ripoti hata wiki isiyo na mgonjwa?

Kila Jumatatu, katika zahanati za miteremko ya Kilimanjaro kama kwingineko nchini, kuna mtu anafungua kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa, anahesabu wagonjwa wa wiki iliyoisha Jumapili, kisha anashika simu. Nyota, namba, reli, kama anayetuma pesa. Menyu ikifunguka anajaza: kipindupindu, sifuri. Surua, sifuri. Kimeta, sifuri. Anatuma.

Asiyeijua kazi hii atauliza: ya nini kuhangaika kutangaza kitu ambacho hakipo?

Jiweke kwenye kiti cha mratibu wa magonjwa wa halmashauri. Zahanati moja imenyamaza wiki nzima. Huenda kijiji kizima kina afya njema. Huenda mhudumu yuko likizo na aliyeachiwa funguo hajui kujaza. Huenda wagonjwa wamejaa majumbani wanakunywa dawa za dukani. Ukimya haukuambii ni lipi kati ya hayo. Sifuri iliyoandikwa inakuambia: nimetafuta, sijaona. Mafunzo ya ufuatiliaji wa magonjwa kwa kiasi kikubwa ni kumfundisha mtu aandike sifuri akiwa na haki ya kuiandika.

Polio inalionyesha hili vizuri kuliko ugonjwa mwingine wowote. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya virusi vya asili Tanzania alipatikana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ikathibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Ungedhani wilaya isiyo na mtoto aliyepooza ndiyo inayopewa sifa. Sivyo. Watoto hulegea viungo ghafla kwa sababu nyingine pia, mathalani ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré. Kwa hiyo, kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15, inatarajiwa kila mwaka apatikane angalau mmoja aliyelegea hivyo na ambaye hana polio. Wilaya isipomwona huyo, inaulizwa ilikuwa inatazama wapi. Akipatikana, choo chake huchukuliwa mara 2, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alipoanza kulegea. Ukichelewa, virusi vinaweza visionekane tena, na sifuri yako ya maabara haitakuwa na maana.

Jicho la namna hii halipatikani kwa kukaa darasani tu. Mwaka 1951, Alexander Langmuir alipoanzisha mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa Marekani, aliwatuma kwenye milipuko yenyewe wakajifunzie huko. Nembo yao mpaka leo ni soli ya kiatu iliyotoboka kwa kutembea. Tanzania ilianzisha programu yake mwaka 2008. Ngazi ya juu huchukua miaka 2, na sehemu kubwa ya muda huo mwanafunzi yuko kazini, nje ya darasa. Ila mimi naipenda zaidi ile ngazi ya chini, ya miezi 3, kwa sababu inamchukua mtu ambaye tayari yuko kazini: afisa afya, muuguzi, mtu wa maabara, daktari wa mifugo. Anasoma siku chache, anarudi kituoni kwake na kazi ya kufanya, kisha anakuja tena darasani kueleza alichokuta.

Kazi mojawapo ya mwanzo ni kukagua takwimu. Niliwahi kuiona ikifanyika kwenye zahanati moja juu ya Moshi. Afisa afya wa kata, kijana, aliingia akamwamkia muuguzi, “Shikamoo, sista.” Akaitikiwa, akapewa kiti. Fomu ya wiki akaiweka kushoto, kitabu cha wagonjwa wa nje kulia, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza na kuishusha mgonjwa mmoja mmoja. Fomu ilisema wa kuhara damu ni 3. Rula ilihesabu 5. Kwa wawili wa mwisho neno “kuhara” lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu, na pembeni, kwa kalamu nyeusi, mtu mwingine ameongeza “damu”.

“Sista, hawa wawili waliingia wapi?”

“Watakuwa waliwekwa kwenye kuhara kwa kawaida. Siku ile watu walikuwa wengi, tulihesabu haraka haraka.”

Hakumlaumu. Aliandika namba zote mbili na sababu yake, akaomba na kitabu cha watoto.

Hata hivyo, hesabu inaweza kuwa safi na jina la ugonjwa likawa si lenyewe. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, hapa hapa Moshi. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Vipimo vya kina vilipotoka, waliokuwa wanaugua kwa malaria walikuwa 14. Namba hizo huwa nazirudia kila mtu akiniambia ana “kamalaria kidogo”. Miongoni mwa wengine, 40 walikuwa na leptospirosisi na 16 brusela, magonjwa yanayotoka kwa wanyama: panya, ng'ombe, mbuzi. Ng'ombe mwenye brusela huweza kutupa mimba.

Leptospirosisi ndiyo ile ambayo nchi nzima iliisikia Julai 2022 kwa jina la homa ya mgunda, baada ya watu 20 kuugua huko Lindi na 3 kufariki. Huko kilichoamsha watu ni dalili, maana jina halikuwepo bado: homa, kichwa, uchovu, damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na korona vilisema hapana, na bado watu hawakuacha kutafuta. Ndiyo sababu mwanafunzi wa mafunzo haya anasisitiziwa kuandika nani, wapi, lini na dalili zipi, hata kama hajui anaandika ugonjwa gani.

Yule kijana alipomaliza vitabu alifunga daftari, kisha akauliza swali ambalo sista hakulitegemea.

“Mwezi huu huku juu ng'ombe wangapi wametupa mimba?”

“Mwanangu, hilo si umuulize bwana mifugo?”

Yeye na bwana mifugo walikuwa darasa moja kwenye mafunzo haya. Alishampigia asubuhi ile. Alitaka tu kuona kama zahanati nayo imesikia.