Je, wajua kwa nini kiwambo cha sauti hakiinyamazishi bastola?

Pikipiki ya bodaboda iliyong'olewa egzosi huamsha mtaa mzima. Irudishie egzosi yake, na injini ileile yenye petroli ileile inaunguruma kistaarabu. Ndani ya injini hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni njia ambayo gesi ya moto inatokea kwenda hewani. Ukishalielewa hilo umeshaelewa nusu ya habari ya kiwambo cha sauti cha bastola, na huu si mfano wa kubahatisha, maana vifaa hivi viwili vilipita katika mikono ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Hiram Percy Maxim, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1869. Jina la ukoo wake lilifika kwetu zamani, tena kwa damu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni mwaka 1884 bunduki iliyojipakia yenyewe kwa nguvu ya risasi zake, ile ambayo Waswahili waliiita bombomu kwa kuufuata mlio wake. Bunduki za ukoo huo ndizo Wajerumani walizowaelekezea wapiganaji wa Maji Maji waliokuja kuivamia Mahenge, Agosti 1905. Baba huyo alizeeka akiwa kiziwi, baada ya miaka mingi ya kusimama kando ya silaha zake mwenyewe. Mwanawe naye, Machi 1909, akapewa hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki. Alikiuza kwa wawindaji na wapiga shabaha, na baadaye kampuni yake ikajikita katika kupunguza kelele za injini na mitambo.

Sisi kifaa hicho tunakiita kiwambo, neno ambalo wasomaji wa riwaya za kijasusi walikutana nalo kabla hata ya kuiona bastola kwa macho. Ni neno zuri kuliko linavyodhaniwa. Linatokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na ndiyo maana hata ule utando ulio ndani ya sikio huitwa kiwambo. Kwa hiyo Kiswahili kimeviita kwa jina moja kifaa kinachopunguza mlio na kiungo kinachoumia kwa mlio.

Katika riwaya hizo, jasusi hufyatua na jirani wa chumba cha pili hashtuki. Kwenye filamu husikika kama mtu ametema mate. Ukweli uko mbali na hapo. Bastola ya milimita 9, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi duniani leo, hutoa mlio wa desibeli 160 hivi. Ikifungwa kiwambo kizuri, mlio hushuka hadi kati ya 125 na 135. Bado ni kelele kubwa, ya kumshtua jirani na wa nyumba ya tatu. Ila usiidharau tofauti hiyo ya desibeli 30, kwa sababu vipimo hivi havipandi kama bei ya sukari. Desibeli 20 zikipungua, shinikizo la sauti linalolipiga sikio limepungua mara 10. Zikipungua 30, limepungua zaidi ya mara 30.

Katikati ya namba hizo upo mstari wenye maana kubwa: desibeli 140. Huo ndio mpaka ambao wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wameuweka kwa milio ya ghafla. Juu yake, mlipuko mmoja tu unaweza kuua vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, ambavyo ndivyo vinavyopeleka sauti kwenye ubongo. Vinyweleo hivyo havioti tena. Namfahamu mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye redio yake husikika barabarani, na bado huinamisha kichwa kwa upande mmoja mjukuu wake akimwamkia. Ndiyo maana naliona suala hili kama suala la masikio kuliko la siri. Kiwambo kilichochaguliwa vizuri huivusha bastola mstari huo kwenda chini, ingawa wapiga shabaha makini huvaa vikinga masikio hata baada ya kukifunga, nami nawaunga mkono kwa asilimia 100.

Sasa, mlio wenyewe unatoka wapi? Unatoka sehemu tatu, na kiwambo kinaiweza moja tu.

Ya kwanza ndiyo kubwa. Baruti ikiwaka ndani ya risasi ya milimita 9, shinikizo linaweza kufika zaidi ya mara 2,000 ya lile la hewa tunayovuta. Tairi la gari dogo lina kama mara mbili tu. Gesi hiyo huisukuma risasi kwenye mtutu, na risasi inapochomoka mdomoni, gesi nayo hutoka nyuma yake kwa mkupuo. Hewa ya nje inapigwa kibao, na kibao hicho ndicho mlio. Ni kama chupa ya soda iliyosafiri siku nzima kwenye barabara ya mashimo: ukiifungua kwa pupa inalipuka, ukiilegeza kidogo kidogo inatoa pumzi taratibu. Kiwambo ni huko kulegeza. Ni bomba lenye vyumba vidogo vilivyotenganishwa na visahani vyenye tundu katikati. Risasi hupita katikati bila kugusa popote, lakini gesi hujikwaa kwenye kila kisahani, hujitawanya chumba hadi chumba, huzunguka, hupoa, na mwishowe hutoka imechoka. Joto lake kubwa hubaki kwenye chuma, ndiyo maana baada ya kumaliza magazini (kasha za risasi) mbili tatu hukigusi kiwambo kwa mkono mtupu.

Sehemu ya pili ni risasi yenyewe. Ikikimbia kuliko sauti, huipasua hewa kwa mlio mkali kama wa mjeledi, tangu inapotoka hadi inapofika. Hapo kiwambo hakina lake, kwa sababu mlio huo unazaliwa nje, mbele yake. Sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20, na huongeza mwendo kadiri joto linavyopanda, hivyo katika joto la Dar es Salaam la nyuzi 30 hufika karibu mita 349. Risasi nyepesi ya milimita 9, yenye gramu 7.5 hivi, hutoka kwa mita 350 hadi 360. Iko pale pale mpakani, na mara nyingi inauvuka. Ile nzito ya gramu 9.5 hukimbia kama mita 300, basi haipasui kitu. Bastola za kaliba (upana wa tundu la mtutu) ya .45 ya inchi zina bahati ya kuzaliwa nayo: risasi yake ya kawaida ya gramu 15 hivi hutembea mita 255 tu kwa sekunde. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba kiwambo chake cha bei kubwa hakifanyi kazi aangalie kwanza boksi la risasi.

Ya tatu ni chuma kugongana na chuma: sehemu ya juu ya bastola inavyorudi nyuma, kutema ganda na kujifunga tena. Hiyo haina dawa, ila pia haina madhara.

Hapa ndipo bastola inapojitenga na bunduki ndefu, na ndipo mnunuzi wa mara ya kwanza hujikwaa. Nazungumzia zaidi Marekani, maana huko ndiko raia wengi hununua vifaa hivi. Kwenye raifo, mtutu umetulia. Kwenye bastola nyingi za leo, ikiwemo Glock na jamaa zake, mtutu unatembea. Mpango huo ni wa John Browning, fundi wa Marekani mwenye akili ya ajabu. Bastola ikifyatuliwa, mtutu na sehemu ya juu hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache vikiwa vimeshikana, kisha mtutu huinama kidogo nyuma na kuachia, ili ganda litoke na risasi mpya ipande. Yote haya hufanyika kwa nguvu ndogo iliyopimwa kwa uangalifu. Sasa ning'iniza kwenye mdomo wa mtutu huo bomba la gramu 300 na zaidi. Mtutu unakuwa mzito, hauinami kwa wakati wake, na bastola inakwama baada ya risasi moja. Mtu anarudi dukani kudai hela yake, kumbe kiwambo ni kizima.

Tiba yake ni nzuri mno kiasi kwamba nasikitika watu hawaielezwi. Nyuma ya kiwambo cha bastola hufichwa pistoni na springi. Mtutu umefungwa kwenye pistoni, si kwenye bomba. Risasi ikitoka, springi hujikunja na kuuacha mtutu urudi nyuma peke yake huku bomba zito likibaki karibu pale pale lilipokuwa. Kwa ule muda mfupi sana bastola haijui kama imebeba kitu. Kisha springi hulirudisha bomba mahali pake, tayari kwa risasi inayofuata. Asiyekuwa na springi hiyo kwenye Glock amenunua bomba tu. Kinyume chake, bastola ambazo mtutu wake hausogei kabisa, kama Walther PPK au Ruger Mark IV ya kaliba ya .22, hazihitaji springi, na watengenezaji hushauri iondolewe na kuwekwa kipande kigumu badala yake.

Jambo linalofuata ni dogo lakini limewaliza wengi: hesi, zile ambazo mafundi huita thredi. Mtutu wa kawaida hauna hesi mdomoni. Inabidi upatikane mtutu mrefu zaidi, uliochongwa kiwandani. Bastola za milimita 9 za soko la Marekani kwa kawaida zina hesi ya nusu inchi yenye meno 28 kwa inchi. Nyingi za Ulaya zina milimita 13.5, tena zinakazwa kwa kuzungushia kushoto. Kwa bahati njema pistoni hubadilishwa, hivyo kiwambo kimoja kinaweza kuhudumia zote mbili. Kulazimisha ndiko kubaya. Kiwambo kilichokaa upande, hata kidogo sana, huifanya risasi igonge kisahani njiani, na hapo kifaa kimekwisha na aliyekishika yuko hatarini.

Kuhusu kaliba, mabishano ni mengi na hoja zote zina haki yake. Kiwambo cha .45 huipitisha pia milimita 9, kwa kuwa tundu lake ni pana, lakini gesi hutoroka kwa urahisi zaidi na mlio unakuwa juu kidogo. Mimi ningemwambia rafiki yangu achague kulingana na bastola anayoifyatua kila wiki, si ile anayoota kuinunua. Kama anaanza kabisa, .22 ndiyo mwalimu mpole: baruti yake ni kidogo, kiwambo chake ni chepesi na cha bei nafuu, na kwa risasi isiyovuka kasi ya sauti, kinachosikika zaidi ni chuma kikicheza. Sharti lake ni kwamba kiwe kinafunguka, kwa sababu risasi za .22 nyingi ni madini ya risasi matupu yasiyovishwa shaba, na uchafu wake hujaza vyumba kama masizi kwenye chungu cha kuni. Asafishaye avae glovu, na vumbi lake asilivute.

Vilengeo pia visisahauliwe. Bomba ni nene kuliko mtutu, hivyo huziba vilengeo vifupi vya kiwandani, na wengi huishia kuweka virefu zaidi.

Upande wa sheria, Marekani yenyewe iliviweka viwambo mwaka 1934 kwenye kundi moja na bunduki za rashasha, kwa kodi ya dola 200 kwa kila kimoja, zilizozidi mno bei ya kifaa chenyewe wakati huo. Kiasi hicho hakikuguswa kwa zaidi ya miaka 90, hadi sheria iliyosainiwa Julai 2025 ilipokishusha kuwa sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Kilichoondoka ni kodi tu. Fomu, picha, alama za vidole na uchunguzi wa mwombaji vimebaki, na majimbo 8, yakiwemo California na New York, bado hayamruhusu raia kuvimiliki. Norway, ambako uwindaji ni sehemu ya maisha ya vijijini, kiwambo kimezoeleka kama kifaa cha kulinda masikio ya mwindaji na mbwa wake.

Mtu akishakamilisha hayo yote, akafunga kiwambo na kufyatua mara ya kwanza, huenda akavunjika moyo: risasi ya kwanza hupiga kelele kuliko ya pili. Asiogope, na asikirudishe dukani. Ndani ya bomba mlikuwa na hewa ya kawaida yenye oksijeni, na gesi ya baruti ambayo haijamaliza kuungua imeikuta na kuwaka humo ndani. Risasi ya pili inakuta vyumba vimejaa moshi, hakuna cha kuwashia. Akipumzika kwa dakika chache hewa mpya itaingia, na ya kwanza itapiga tena vilevile.